Upepo Unaofaa kwa Tairi la Bodaboda

Abiria anayepanda bodaboda Kondele akielekea Kibuye, au mama samaki anayetoka Dunga na karai la mbuta, kwa kawaida huulizia nauli kwanza. Wapo pia wanaouliza kama kuna helmeti ya pili. Wanaotazama matairi ni wachache sana. Hata hivyo, sehemu ya tairi inayogusa barabara haizidi ukubwa wa kiganja cha mkono, na pikipiki ina matairi mawili tu. Kufunga breki, kukata kona na kubeba uzito wote wa watu na mizigo kunategemea viganja hivyo viwili.

Uzito huo hubebwa na upepo ulio ndani ya tairi. Mpira peke yake, bila upepo, hujikunja na kulala chini. Ndiyo maana kiasi cha upepo ni jambo la usalama sawa na breki au taa, na pia ni jambo la mfuko, kwa kuwa tairi lenye upepo usiofaa huisha mapema na hula petroli zaidi.

Swali ambalo wahudumu wengi wa bodaboda huuliza ni moja: ni kipimo gani kinachofaa? Jibu ni kwamba hakuna namba moja inayofaa pikipiki zote. Kipimo hutegemea aina ya pikipiki, kama tairi ni la mbele au la nyuma, na uzito unaobebwa. Lakini namba sahihi ya kila pikipiki ipo, imeandikwa, na mtu yeyote anaweza kuisoma.

Namba imeandikwa wapi

Kiwanda kilichotengeneza pikipiki ndicho kinachojua uzito wake na jinsi uzito huo unavyogawanyika kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Kwa hiyo namba ya kufuata ni ya kiwanda hicho. Hupatikana katika kijitabu cha mwongozo kinachotolewa pikipiki inaponunuliwa. Pikipiki nyingi pia huwa na kibandiko chenye namba hiyo, mara nyingi kwenye kifuniko cha cheni au kwenye chuma kinachoshika gurudumu la nyuma. Kibandiko kikiwa kimefunikwa na matope au rangi, kisafishwe taratibu kwa kitambaa chenye maji. Kikiwa kimebanduka, muuzaji wa pikipiki za aina hiyo anaweza kuulizwa.

Kosa linalofanywa na wengi ni kusoma namba iliyo ubavuni mwa tairi. Namba hiyo, ambayo huandikwa karibu na neno MAX, ni kiwango cha juu kabisa ambacho tairi linaweza kuvumilia. Kiwanda cha tairi hakijui tairi hilo litafungwa kwenye pikipiki gani wala litabeba nani. Kujaza hadi namba hiyo ni sawa na kupakia lori hadi mwisho wa uwezo wake hata kama safari haihitaji mzigo huo.

Vipimo huandikwa kwa njia tofauti. Geji nyingi za hapa Kenya husoma PSI. Vibandiko vingine hutumia kilo kwa sentimita mraba, vingine bar au kPa. Kwa makadirio, kilo 1 kwa sentimita mraba ni PSI 14, na bar 1, ambayo ni sawa na kPa 100, ni PSI 14.5. Kibandiko kinachosema 1.75 kwa kilo kinamaanisha PSI 25, kinachosema 2.00 kinamaanisha PSI 28, na 2.25 ni PSI 32.

Mfano wa vipimo

Pikipiki nyingi zinazotumika kwa bodaboda katika kaunti hii ni za injini ya cc 100 hadi 150, na matairi yake ni membamba yenye tyubu. Kwa nyingi kati ya hizo, vipimo vya kiwanda huwa karibu na hivi:

- Tairi la mbele: PSI 25.
- Tairi la nyuma, mwendeshaji akiwa peke yake: PSI 28.
- Tairi la nyuma, mwendeshaji akiwa na abiria: PSI 32 au zaidi kidogo.

Huu ni mfano wa kumsaidia msomaji kujua namba za aina gani atarajie. Kibandiko cha pikipiki kikisema tofauti, kibandiko ndicho kifuatwe. Hili ni muhimu zaidi kwa pikipiki za umeme, ambazo muundo wake na uzito wa betri yake ni tofauti na wa pikipiki za petroli, na mara nyingi matairi yake hayana tyubu.

Mtu anayetumia pikipiki yake kwenda shambani au kazini peke yake atumie namba ya mtu mmoja, na aongeze upepo anapombeba mwenzake. Mhudumu wa bodaboda hawezi kuongeza na kupunguza upepo kila abiria anapopanda na kushuka. Kwake yeye, namba ya watu wawili ndiyo namba ya kila siku. Akirudi steji bila abiria, atahisi pikipiki ni ngumu kidogo barabarani, lakini hilo halina madhara. Madhara hutokea akijaza upepo wa mtu mmoja kisha akashinda akibeba wawili.

Kwa nini mbele na nyuma si sawa

Wapo wanaojaza matairi yote mawili kwa kipimo kimoja ili kurahisisha mambo. Tairi la mbele hubeba uzito mdogo kuliko la nyuma, lakini ndilo linaloelekeza pikipiki, na ndilo hufanya kazi kubwa wakati wa breki kwa sababu uzito husogea mbele.

Tairi la mbele likijazwa kupita kiasi huwa gumu na hurukaruka kwenye mashimo. Linaporuka halishiki barabara, na breki ikifungwa wakati huo gurudumu huteleza. Likiwa na upepo mdogo, usukani huwa mzito, pikipiki huchelewa kukata kona, na mwendeshaji huhisi kama inamvuta upande mmoja.

Upepo hauongezi uwezo wa tairi

Kuna imani kwamba mzigo mkubwa unaweza kubebwa salama mradi upepo uongezwe. Hesabu ndogo inaonyesha mwisho wa imani hiyo.

Matairi mengi ya nyuma ya bodaboda ni ya ukubwa wa 3.00-17. Baadhi yake huwa na maandishi 50P mbele ya ukubwa huo. Namba 50 ni alama ya uzito: tairi hilo limeundwa kubeba hadi kilo 190, likiwa na upepo wa kutosha. Herufi P ni ya mwendo.

Tuchukue pikipiki ya kilo 120, ambayo nusu ya uzito wake, kilo 60, iko nyuma. Mwendeshaji wa kilo 65 huongeza nyuma takriban kilo 43. Abiria wa kilo 65 huketi karibu juu ya gurudumu la nyuma, kwa hiyo karibu uzito wake wote, tuseme kilo 57, huenda huko. Jumla ni kilo 160. Tairi bado lina nafasi ya kilo 30 kwa kikapu cha sokoni na kwa mishtuko ya mashimo.

Akipanda abiria wa pili mwenye uzito kama huo, jumla hufika kilo 225. Gunia la kilo 50 likifungwa nyuma ya abiria mmoja, jumla hufika kilo 210. Hali zote mbili zimepita kilo 190 kabla pikipiki haijagonga shimo hata moja. Hakuna upepo unaorekebisha jambo hilo, kwa sababu kilichozidiwa ni nyuzi zilizo ndani ya tairi lenyewe. Zaidi ya hayo, mzigo uliofungwa nyuma kabisa huinua gurudumu la mbele, na usukani huwa mwepesi kupita kiasi.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, inaruhusu pikipiki kubeba abiria mmoja tu. Hesabu hii ni sababu mojawapo ya kuiheshimu sheria hiyo hata pale ambapo hakuna afisa wa polisi karibu.

Pima tairi likiwa baridi

Namba ya kiwanda ni ya tairi baridi, yaani tairi la pikipiki ambayo haijaendeshwa kwa muda wa saa 3 hivi na haijaanikwa juani. Wakati mzuri ni alfajiri kabla ya safari ya kwanza.

Sababu ni kwamba upepo hupanuka unapopata joto. Kwa kila nyuzi joto 6 hivi zinazoongezeka, presha ya tairi hupanda kwa takriban PSI 1. Asubuhi Kisumu kuna ubaridi kidogo, lakini kufikia saa nane mchana lami huwa moto, na tairi lililozunguka tangu alfajiri huwa moto zaidi. Tairi lililojazwa PSI 32 asubuhi linaweza kusoma PSI 35 au 36 mchana. Hilo ni jambo la kawaida, na kiwanda kimelizingatia.

Mwendeshaji asiyejua hili hupima mchana, huona namba imepanda, kisha hutoa upepo hadi irudi 32. Kesho yake asubuhi tairi likiwa baridi huwa na PSI 28 tu, na siku nzima hubeba abiria likiwa na upungufu. Tairi lenye joto lisipunguzwe upepo. Ikiwa ni lazima kupima mchana na namba iko chini ya ile ya kiwanda, basi tairi lina upungufu mkubwa na liongezwe mara moja, kisha lipimwe tena asubuhi.

Kidole gumba si geji

Kubonyeza tairi kwa kidole gumba au kulipiga teke ni mazoea ya muda mrefu. Tatizo ni kwamba ubavu wa tairi la pikipiki ni mgumu wenyewe. Tairi lenye PSI 20 na lenye PSI 35 huweza kuhisika sawa kidoleni, ilhali barabarani tofauti yake ni kubwa.

Geji ndogo ya mfukoni hupatikana kwenye maduka ya vipuri, na wanachama wa steji moja wanaweza kuchanga wakanunua moja na kuiacha kwa msimamizi wao. Kompresa ya fundi wa pancha au ya kituo cha mafuta husaidia kujaza, lakini geji yake huangushwa na kugongwa kila siku, na huenda isisome sawasawa. Ni vyema kulinganisha na geji nyingine kabla ya kuiamini.

Kupima huchukua dakika chache. Kifuniko cha vali hufunguliwa, geji hubanwa wima juu ya vali bila kuacha upepo utoroke, namba husomwa, upepo huongezwa au kupunguzwa, kisha hupimwa tena. Mwisho kifuniko hurudishwa. Kifuniko hicho kidogo huzuia vumbi na matope kuingia kwenye vali na kuifanya ivuje.

Tyubu hupoteza upepo kidogo kidogo hata bila pancha, kwa kuwa mpira haufungi hewa kabisa. Pikipiki ya nyumbani ipimwe angalau mara moja kwa wiki na kabla ya safari ndefu. Bodaboda inayofanya kazi kutwa ipimwe kila asubuhi.

Lami, changarawe na udongo mweusi

Barabara za kaunti hazifanani. Safari inaweza kuanza kwenye lami ya Nyamasaria, ikapita Ahero, kisha ikaishia kwenye njia za mashamba ya mpunga za uwanda wa Kano, ambako udongo mweusi hunata wakati wa mvua. Katika Seme na Nyakach, njia nyingi za ndani ni za changarawe na mawe.

Baadhi ya waendeshaji hupunguza upepo ili tairi lishike vizuri kwenye matope. Ni kweli kwamba tairi laini hutandaza mguu wake na kushika udongo zaidi. Lakini bei yake ni kubwa kwa pikipiki yenye tyubu. Tairi likiwa laini huweza kuteleza juu ya rimu na kuivuta tyubu. Dalili yake ni vali iliyoinama badala ya kusimama wima. Vali ikiendelea kuvutwa hukatika shinani, na upepo wote hutoka kwa mara moja. Isitoshe, mwendeshaji akirudi kwenye lami na kuongeza mwendo bila kujaza upepo, ubavu wa tairi hujikunja na kunyooka kila mzunguko, hupata joto, na nyuzi za ndani huanza kuachana. Njia salama zaidi kwenye matope ni kupunguza mwendo, kupunguza mzigo, na pale inapobidi kumwomba abiria ashuke hadi sehemu mbaya ipite.

Kwenye mawe na mashimo, upepo mdogo huleta pancha isiyo na msumari. Gurudumu likigonga ukingo wa shimo, tyubu hubanwa kati ya rimu na tairi na kutoboka matundu mawili yaliyo sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Fundi akimwonyesha mwendeshaji matundu ya namna hiyo, kuziba tu hakutoshi. Kosa lilikuwa upepo, na pancha itarudi kama kipimo hakitabadilishwa.

Kujaza kupita kiasi nako hakufai wakati wa mvua. Tairi gumu hugusa lami kwa sehemu ndogo zaidi ya katikati, na breki ikifungwa kwenye lami yenye maji gurudumu huteleza upesi. Katika mvua za masika, Machi hadi Mei, na zile za vuli, Oktoba hadi Desemba, namba ya kiwanda ibaki ileile. Kinachopaswa kubadilika ni mwendo na nafasi kati ya pikipiki na gari lililo mbele.

Kusoma dalili za tairi

Tairi linalolika kingo zote mbili huku katikati kukibaki na meno huwa limetumika kwa muda mrefu na upepo mdogo. Linalolika katikati haraka kuliko kawaida huwa limejazwa sana, ingawa kulika kidogo katikati ni kawaida kwa pikipiki inayokwenda moja kwa moja kwenye lami. Nyufa ndogo ubavuni ni dalili ya uzee, jua kali au upepo mdogo. Uvimbe ubavuni unamaanisha nyuzi za ndani zimekatika, na tairi hilo lisitumike tena kubeba mtu. Tairi lililokwisha meno halisaidiwi na upepo wa aina yoyote.

Upepo ukitoka ghafla

Ikitokea tairi limeishiwa upepo katikati ya safari, mwendeshaji ashike usukani kwa mikono yote miwili, aachilie mafuta taratibu, wala asifunge breki kwa nguvu. Kama tairi lililoisha ni la nyuma, atumie breki ya mbele kwa upole. Kama ni la mbele, atumie breki ya nyuma. Kisha asogee pembeni mwa barabara na kumshusha abiria kwanza. Abiria naye atulie, asiinamie upande wala kuruka kabla pikipiki haijasimama. Palipo na majeruhi, namba za dharura ni 999 na 112.

Abiria pia ana jukumu

Mkazi hahitaji geji ili kujilinda. Kabla ya kupanda, atazame tairi la nyuma. Likiwa limelala na kupanuka pembeni hata kabla hajaketi, au likiwa limekwisha meno, aombe upepo uongezwe au achague pikipiki nyingine. Mzazi anayempeleka mtoto shule kwa bodaboda ana haki ya kumuuliza mhudumu wake alipima upepo lini. Ombi la kubebana wawili ili kupunguza nauli likataliwe na pande zote mbili, kwa sababu abiria anayelipa nusu ya nauli hubebwa na tairi lililopita uwezo wake.

Kwa mhudumu, mambo ya kukumbuka ni manne: asome namba ya kiwanda, apime asubuhi tairi likiwa baridi, atumie namba ya watu wawili ikiwa anabeba abiria, na asipakie zaidi ya uwezo wa tairi. Atakayeyazingatia atatumia fedha kidogo zaidi kwa tyubu na petroli, na abiria wake watafika.